Ngozi Kavu Ndani ya Pampu

Mimi ni mwalimu wa fizikia huku Bahati. Kilichonipata Jumatatu sijamwambia hata mke wangu, lakini nyinyi nitawaambia.

Nilikuwa nakimbiza mtihani shuleni kwa baiskeli, gurudumu la nyuma likaisha upepo. Nikatoa pampu ya mkono, nikasukuma mpaka shati likaloa. Upepo wote ulitokea juu, kwenye mpini. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka maziwa akasimama kunitazama.

Nikamwambia kwa sauti ya darasani, "Mama, tyubu imekufa. Ukisukuma, ngozi iliyo ndani ya pampu hutanuka na kuziba, upepo unaingia gurudumuni. Pampu haina makosa."

"Hebu lete."

Akaifungua, akatoa kingozi kikavu kama dagaa wa omena, akakipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, akakirudisha. Akasukuma kidogo tu, gurudumu likawa gumu kama jiwe.

Nilishusha pumzi! Mtihani ungeanza kwa wakati.

"Asante sana, Mama. Nani alikufundisha?"

"Msichana wangu wa Form Two. Mwalimu wao alisema ngozi ikikauka haizibi." Macho yake yakatua kwenye bahasha iliyofungwa kwenye keria: FIZIKIA, FORM TWO. "Ngai! Kumbe ni wewe?"