Majani ya Mhogo Ndani ya Injini

Nilitia majani ya mhogo ndani ya injini ya gari la mjomba wangu. Basi, nimesema, cheka kwanza, ukimaliza tuendelee. Mpaka leo harufu ya oili iliyoungua, ikichanganyika na moshi wa samaki wanaokaushwa, hunirudisha Nchelenge, kiangazi kile ambacho kila mtu kando ya Ziwa Mweru alikuwa mwizi mpaka ajitetee. Mjomba Chola, kaka yake mama, alikuwa na gari kuukuu alilonunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Siku za kazi lilibeba samaki wa mama kwenda kuuzwa kwenye migodi ya shaba. Jumapili, ibada ikiisha, lilishindana na magari ya wachuuzi wengine pale ziwa lilipokuwa limerudi nyuma na kuacha udongo mgumu kama sakafu. Walizunguka mapipa kwa kasi, kila mara wakikata kushoto. Mama hakuzipenda mbio hizo. Gari likifa samaki wangeoza, nami ningetolewa shule nikavute nyavu.

Taabu ilikuwa moja. Mjomba akiingia kwenye kona ndefu, mshale wa presha ya oili ulianguka chini kabisa. Akitoka kwenye kona, ukafufuka. Akisimama, akichomoa kijiti cha kupimia, oili ipo palepale kwenye alama. Mtu mwingine angekuna kichwa. Mjomba alitukuna sisi. “Kuna mtu anakunywa oili yangu,” alisema, “na nikisimama anairudisha!” Akafunga boneti kwa mnyororo. Akatupanga watoto wote wa nyumbani na kutunusa midomo, asipate kitu ila harufu ya samaki. Mwishowe akamgandia Papa Ilunga, Mkongo aliyevuka ziwa kwa mtumbwi kuja kutuuzia mawese. Muuza mafuta, mjomba alihoji, mafuta anayatoa wapi? Ilunga akamtazama kwa huruma. “Mi ni mutu wa mawese, Chola. Ile yako nyeusi nitamupikia nani?” Mjomba akanigeukia mimi, ambaye sikuwa nimeuliza lolote, akasema kikulacho ki nguoni mwako.

Mama ndipo akapita akitoka ziwani, ndoo ya maji kichwani, na juu ya maji kitawi cha mhogo kinaelea, kama wafanyavyo wanawake wote kwetu ili maji yasiruke njiani. “Chola, hakuna mwizi,” alisema bila kusimama. “Ukikata kona oili yote inakimbilia pembeni, pampu inabaki kunyonya hewa. Itulize, kama majani haya yanavyotuliza maji.” Mjomba alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kuchukua mzaha kama kazi na kazi kama mzaha. Jumapili iliyofuata mjomba aliniachia ufunguo wa mnyororo, maana mdomo wangu alikuwa ameunusa mara mbili. Nikachuma majani, nikayasukuma kwa kidole kwenye tundu la kumiminia oili, nikaenda kuimba kanisani kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku hiyo mshale haukungoja hata kona. Injini ilianza kugonga kama kuna fundi amefungiwa ndani, na mjomba akaizima kabla haijakwama. Walipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, chujio la pampu lilikuwa limevishwa uji wa kijani. Mtu akasema, “Uchawi.” Mjomba akamkwida shingoni Ilunga, aliyekuwa amekuja kutazama mbio. Ilunga, shingo ikiwa bado mkononi mwa mwenzake, akainama akanusa. “Chola, hii si dawa. Hii ni sombe, majani ya mhogo. Na imeiva!” Watu wakaangua kicheko, ila mkono wa mjomba haukulegea, na vijana wawili walikwisha kuanza kwenda ufukweni kuutoboa mtumbwi wa Ilunga. Mama, aliyefika aliposikia kelele, hakumtazama Ilunga. Alinitazama mimi.

“Ni mimi, mjomba,” nikasema.

Alimwachia Ilunga, akainua sampu animwagie oili iliyobaki. Ilipoinama mkononi mwake, oili yote ikakimbilia upande mmoja, mahali pa pampu pakabaki pakavu. Akasita. Akaiinamisha upande wa pili. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Juma lile alichomelea vipande vya bati ndani ya sampu, viwe kuta zenye vitundu, oili ipite lakini isiweze kukimbia yote kwa pamoja. Akaijaza oili juu kidogo ya alama. Jumapili mshale ulisimama kona nzima, na Jumatatu samaki wa mama wakasafiri. Ilunga alipelekewa samaki wa kumwomba radhi. Aliwanusa kwanza.

Sasa nasoma shule ya bweni, mbali na ziwa. Mwalimu wetu hutuchorea injini ubaoni, oili imelala kama ziwa la asubuhi, nami huuliza, “Na gari likikata kona?” Hunishuku kwamba namdhihaki, na mara nyingine ni kweli. Wakati ule tulimshuku kila mtu, tukaisahau oili. Siku hizi naanza na oili, watu baadaye. Lakini jioni ya siku ile ya uji wa kijani mama alirudi kutoka ziwani. Aliitua ndoo, akaondoa kitawi juu ya maji, akanichotea kikombe, akasema, “Mwanangu, hata mimi huyatoa majani kabla ya kunywa.”