Ndala ya Chooni Ndani ya Gari

Ndala yangu ya chooni iliyopotea miezi mitatu iliyopita nimeipata leo.

Ndani ya gari.

Gari lilikuwa linagonga mbele kama mtu anatwanga kisamvu. Nikapiga jeki hapa hapa uani, nikafungua tairi, nikachomoa bushi, ile raba ya kuzuia vyuma visigongane. Fundi aliyeifunga aliniapia ni orijino ya Japani.

Ya bluu. Imekatwa kwa kisu.

Nikafuta grisi, nikaona herufi J niliyoichoma mwenyewe kwa msumari wa moto!

Yaani mtu nimemwita kwangu atengeneze gari, kaomba choo, katoka na bushi. Nimeona kinyaa mpaka vidole vyangu nimevichukia.

Nikampigia. Hana hata aibu:

"Bosi, si umefika nayo Mbeya ukarudi Iringa salama?"

Ptuu!

Sasa kinachoniuma. Ile ndala nilisema imeliwa na mbwa wa jirani yangu, Mama Tumaini. Nikamfokea mama wa watu mtaa mzima ukisikia. Akampeleka mbwa wake Kilolo kwa kaka yake, na mpaka leo hatusalimiani.

Niambieni, nabishaje hodi kwake na hiki kipande mkononi?