Giaboksi Juu ya Mkeka

Wiki nzima nimekuwa nikimchungulia jirani yangu, mwalimu wa hesabu hapa Garissa, akifungua giaboksi ya otomatiki uani kwake. Mafundi wa mjini walikataa kuigusa. Yeye hajawahi kufungua hata redio, na gari lake ni hilo hilo moja. Sahani za chuma na springi za ndani yake alizipanga juu ya mkeka, kila moja na namba yake ya chaki.

Mama anayetuuzia maziwa ya ngamia alisimama na dumu lake, akayatazama mafuta mekundu yaliyovuja mkekani.

“Maalim, wallahi, mimi naona ngamia mingi imefunguliwa hivi. Hakuna moja ilirudi kutembea.”

Mwalimu akainama, akaendelea kufuta springi. Jana alimaliza kuifunga, akawasha, akatia gia ya mbele. Gari halikutikisika. Akajaribu rivasi: likarudi nyuma hatua tatu, likazima. Akalaza paji la uso kwenye usukani.

Mama, aliyekuwa amepita tena na maziwa, akatua dumu, akapiga boneti kofi jepesi, kama anayeamsha mnyama.

“Bole bole, maalim. Ngamia ikiinuka, miguu ya nyuma ndio inaanza.”

Leo mkeka umetandikwa tena. Mama amechelewesha wateja wake sokoni, nami nimechelewesha safu hii ya gazeti. Sote tunangoja miguu ya mbele.