Sahani ya Kasuami

Dada yangu Hapsa amechoka tangu nilipoanza kupata akili. Simsengenyi, ndivyo alivyo. Alichoka akiwa msichana wa kuokota pweza mwambani maji yakitoka, akachoka zaidi alipoolewa na Pondang mzamiaji, na watoto walipozaliwa akachoka kwa niaba yao pia. Mimi niliolewa nchi kavu, kwenye vumbi na mbuzi, kwa hiyo kila nikienda kijijini kwetu, kwenye nyumba za nguzo juu ya maji, kumtembelea ananipokea kama mtu anayeishi likizoni.

"Umenenepa," aliniambia safari hii, hata sijamaliza kupanda ngazi. "Huko kwenu mnakula na kulala tu?"

"Na wewe umekonda. Pondang anakulisha miiba?"

Akasonya. "Usinitajie huyo. Nikimwuliza jambo, hajibu. Nikilia, hageuki. Mwaka mzima huu ni mjane mwenye mume, mdogo wangu. Afadhali hata angenitukana, ningejua nina mtu ndani."

Alikuwa ameketi juu ya mbao za sakafu akikuna muhogo, uso umepakwa unga wa mchele na manjano kujikinga na jua. Maganda aliyapenyeza kwenye nyufa, yakaanguka baharini. Wakati huohuo Pondang akatoka ndani na mkuki wake na miwani ya kuzamia. Akanitabasamia, akaitikia kwa kichwa salamu ambayo nilikuwa bado sijaitoa, akashuka ngazi na kuingia mtumbwini. Niliona haya kwa niaba ya dada yangu. Mume gani huyo anampita mkewe kama hayupo?

Hapsa akafunua chungu. Kasuami ya kwanza, muhogo wetu wa kuvukizwa, ilikuwa imeiva. Bila kufikiri akapaza sauti: "Baba Rati! Njoo ule kwanza!"

Papo hapo akajiziba mdomo.

Kwetu mtu akishaingia chomboni haitiwi chakula. Na akiitwa, lazima arudi, walau akiguse kwa kidole na kukipeleka mdomoni, ndipo aende. Anayekwenda baharini na chakula alichokikataa amejitoa mwenyewe kwa papa na nyoka. Mjomba wetu aliitiwa kahawa, akacheka, akasukuma mtumbwi, na jioni tukamlilia. Hapsa amewachapa wanawe mara nyingi kwa kosa hilihili. Leo uchovu ulikuwa umemfungulia mdomo.

Pondang alisukuma kwa upondo, akaenda zake. Hata shingo hakuigeuza.

"We Hapsa!" Mama Jafaru, jirani wa ng'ambo ya daraja la mbao, aliacha kupaa samaki. "Umemwita mtu aliye chomboni? Na kakukatalia mchana kweupe! Mfuate, mwanamke, kama bado unamtaka."

"Simtaki," Hapsa alijibu, huku tayari ameshika sahani. "Naazima mtumbwi wako."

Mtumbwi wa Mama Jafaru unavuja. Hapsa alipiga kasia, mimi nikachota maji kwa kopo, na jua likatuchoma bila huruma. Njia nzima alisema peke yake.

"Amefanya makusudi. Amesikia vizuri sana. Wallahi huyu akifa, nitamuua." Kisha kasia likasimama, nikaona mabega yake yanatikisika. "Nimemchoka, mdogo wangu. Nimemchoka mpaka kwenye mifupa. Lakini sitaki afe."

Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa, tena sana, ingawa kwa mume wangu huwa nawacheka watu wanaoamini mambo haya.

Tulimkuta mwisho wa mwamba, pale maji yanapogeuka meusi. Alikuwa ametia nanga, ametupa mgongo, anasuuza miwani.

"Pondang!" Hapsa aliita. Kimya. "Pondang, usizame!" Nikaongeza sauti yangu, ile ninayoitia mbuzi. Pondang akavaa miwani taratibu. Hapsa akapiga kasia kwa hasira hadi mitumbwi ikagongana, na hapo mwanamume mzima akaruka kwa hofu, nusura aangushe mkuki.

"Mmetoka wapi?" alisema kwa sauti kubwa mno, kama mtu aliye kando ya injini.

Hapsa alimtazama. Kisha, akiwa ameinamia sahani, akasema polepole, "Tangu lini, Baba Rati?"

Pondang akanigeukia mimi. "Anasemaje?"

Wazamiaji wetu wengi wamepasuka sikio moja kwa uzito wa maji, hilo si jambo la kushangaza. Yeye alikuwa amepasuka yote mawili mwanzoni mwa mwaka, akafuta damu na kunyamaza.

"Ningekwambia, ungenizuia kuzama," alimwambia mkewe alipoona tumeelewa. "Tungekula nini?"

Hapsa hakumgombeza. Akahamia mtumbwi wa mumewe, akaketi mbele yake goti kwa goti, akamsogezea sahani. Pondang hakugusa tu kwa kidole. Alimega donge, akala kwa njaa, macho kwenye midomo ya mkewe. Nikadhani mambo yameisha, nikaanza kucheka kwa nafuu.

"Mwezi wa mfungo," Hapsa alisema, neno mojamoja, "mimba iliharibika. Nilikwambia usiku, gizani. Ukajigeuza, ukalala."

Pondang aliacha kutafuna. Akamshika kidevu, akamwinua uso mwangani, kama mtu asiyeamini alichokisoma.

"Ulikuwa na mimba?" aliuliza, kwa ile sauti yake kubwa ya kiziwi, na wavuvi wote waliokuwa mwambani wakageuka kututazama.