Waya Mwekundu wa Honi

Mimi nina hasira za karibu, sijawahi kulificha hilo. Mama alikuwa akinionya, "Hasira hasara, mwanangu," nami namjibu kwamba hasara nitailipa mwenyewe. Sikuilipa mimi. Aliilipa mdogo wangu, na mpaka leo mvua ikianza kunyesha huwa naacha ninachofanya, nasikiliza.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Tulikaa upande wa Ulanga, ukitoka Ifakara lazima uvuke mto. Mume wangu alikuwa na lori dogo kuukuu la kubebea mpunga, na kiangazi alifika nalo hadi Idete na Mchombe. Lori hilo lilikuwa na ugonjwa mmoja tu: honi yake ililia yenyewe. Waya ulikuwa umechubuka mahali fulani, ukipata unyevu unapiga shoti. Fundi wa Ifakara aliuzungushia utepe mara tatu. Wiki haipiti, manyunyu yakianguka, utalisikia lori limesimama uani peke yake linalia.

Kwingine watu wangecheka tu. Lakini kwetu gari likileta maiti, dereva hupiga honi ndefu tangu anapoingia kijijini, na watu huweka majembe chini wakaja. Basi kila lilipolia wanawake walikuja mbio wamejifunga kanga, wengine wameshaanza kulia, wananikuta nachambua mboga. "Haya, leo mmemfisha nani?" jirani yangu mmoja alikuwa akiuliza, anacheka mpaka anajishika kiuno. Aibu ilinikaba. Mwishowe walichoka, wakawa hawaji tena.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa kwetu na mimba yake ya kwanza, mumewe yuko mbali kwenye mashamba ya mkonge. Nesi wa misheni alimpima akasema mtoto amekaa vibaya: uchungu ukianza tu avushwe haraka kwenda hospitali ya Ifakara, asithubutu kuzalia nyumbani. Lori likawa linamsubiri yeye. Asubuhi moja ya masika alipita karibu nalo kwenda kuanika nguo, na honi ikalia. Akashika tumbo.

"Dada," alisema, "linaniita mimi."

Loo, nilipandwa na hasira! Mume wangu alikuwa shambani. Nilichukua kisu cha jikoni, nikafungua boneti, nikaukata ule waya mwekundu huku na huku, nikautoa wote. Kimya. Niliona raha, Mungu anisamehe. Na kwa kuwa nimelelewa kutotupa kitu kizima, nikaufungia mlango wa banda la kuku, maana kicheche alikuwa anatumalizia kuku. Mume wangu aliporudi nikamwambia honi nimeinyamazisha. Alicheka, akasema afadhali. Alidhani nimechomoa ncha tu.

Siku ya nne uchungu ulianza alfajiri. Tulifika mtoni jua linachomoza. Mto ulikuwa umefura, pantoni iko ng'ambo, mitumbwi yote imekwenda kwenye mitego. Pale kivukoni mwenye gari hupiga honi, wavushaji wakaja. Mume wangu akabonyeza. Kimya. Akashuka, akafungua boneti, akatazama ndani, kisha akanitazama mimi.

"Waya uko wapi?"

"Nyumbani. Nimefungia banda la kuku."

Hakunitukana. Bora angenitukana. Tulipiga kelele hadi sauti zikatukauka, nikagonga bati la lori kwa jiwe, nikapunga kanga, na mto ukaumeza ukelele wote. Ndipo akaanza kuchomoa waya wa taa ya mbele auunge kwenye honi. Ulikuwa umekauka, ukawa unakatikakatika mikononi mwake. Nyuma, juu ya magunia, mdogo wangu alikuwa ananiita, "Dada, usiniache. Dada." Jua lilikuwa limepanda sana honi ilipolia, na pantoni ikaja.

Hospitali walimwahi mtoto, msichana. Mama yake hawakumwahi. "Mmechelewa njiani," alisema nesi yule yule, taratibu tu, hakuwa akinilaumu. Alikuwa hajui.

Kesho yake tulirudi, mwili nyuma, mtoto mapajani kwangu. Tulipokaribia kijiji mume wangu akasema, "Siwezi kuipiga honi. Tuingie kimya." Mvua ikaanza, nyepesi, na penye shamba la kwanza honi ikalia yenyewe, ndefu, haikomi. Aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye usukani nione kwamba si yeye.

Watu walikuwa mashambani wanapalilia. Walinyanyua vichwa, wakatutazama, wakainama tena. Hakuna hata mmoja aliyeweka jembe chini. Tukapita shamba baada ya shamba, honi inalia, mdogo wangu anarudi nyumbani kama gunia la mpunga. Jirani yangu yule ndiye aliyesimama kando ya njia, mkono kiunoni.

"Haya, leo mmemfisha nani?" alipaza sauti, na alikuwa bado anacheka nilipomwinulia mtoto aone.