Tunashukuru, Inatosha

Mwalimu Conjesta si mtu wa kununa, lakini siku hizi ukitamka neno "inatosha" mbele yake, uwe na pa kukimbilia. Mzaliwa wa Mawengi, milimani Ludewa, aliletwa Njombe kufundisha akiwa binti. Akaolewa hukohuko, akamzika mume hukohuko, na sasa ni mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi Lihanzi, mbele kidogo ya Kifanya, ambako misonobari imepandwa mpaka mlangoni mwa watu. Wale aliowafundisha a-e-i-o-u wameshazaa, na watoto wao anawafundisha yeye yeye. Kufundisha hakujamchosha. Kinachomchosha ni pa kuwaweka.

Maana darasa la kwanza na la pili wanasomea ghalani. Si jina la utani hilo, ni ghala kweli, la mbolea, la chama cha ushirika kilichokufa zamani kikaacha harufu yake nyuma. Dirisha moja, dogo, juu kule. Watoto wanakaa chini, juu ya viroba. Mwezi wa saba, baridi ya Njombe inapoamua kumtafuta mtu mifupani, mwalimu wao Jenifa hufundisha amejifunika blanketi, na somo husimama kila mara kusubiri watoto wamalize kukohoa. Macho yanawawasha, wanayafikicha kwa mikono yenye vumbi, yanawasha zaidi.

Na nje ya ghala hilo, hatua chache tu, limesimama boma la madarasa mawili! Wazazi walilijenga wenyewe. Walifyatua tofali, wakachoma, wakainua kuta mpaka kwenye lenta, kwa kuwa waliambiwa: nyie inueni, serikali itaezeka. Wakainua. Tangu siku hiyo boma linasubiri bati. Nyasi zimeota ndani, mbuzi wanazalia humo, na kila masika ukuta wa nyuma unamomonyoka kidogo. Ruzuku inayoletwa shuleni hugawanywa kwa kichwa cha mwanafunzi. Inanunua chaki, inachapa mitihani, inatengeneza kitasa, basi, imekwisha. Conjesta alikwenda wilayani mpaka mlinzi wa getini akaanza kumwita shemeji. Jibu lilikuwa lilelile: "Mwalimu, hicho mnachopata ndicho kinachotosha." Nani alipima? Alipima lini, na kwa pishi gani? Hakuna aliyejua.

Kwa hiyo taarifa ilipokuja kwamba kuna timu ya wataalamu inapita shule kwa shule, ikitaka kujua hasa shule inahitaji kiasi gani ili ifundishe vizuri, Conjesta aliishika simu kwa mikono miwili. Kumbe Mungu yupo! Alimwambia Jenifa: "Watakuja kupima kinachotosha. Waje waone ghala. Wakishaliona hilo ghala, mimi sina haja ya kusema neno."

Masikini, alisahau kwamba anaishi na Wabena, wenyeji wa Njombe.

Mwenyekiti wa kamati ya shule ni Mzee Yoramu, mzee wa kanisa, mtu msafi, mwenye kofia ya sufu na koti ambalo halijawahi kukosa kifungo. Kusikia wageni wanakuja, Mzee Yoramu aliitisha kikao, na kikao kikaamua kabla Conjesta hajamaliza kusalimia. Kina mama watapika. Kwaya itaimba. Boma litafyekwa. Madawati yataazimwa Igola, shule ya jirani, kwa Mwalimu Lenard. Ghala litafungwa, na watoto wa ghalani wabaki nyumbani siku hiyo moja.

"Wabaki nyumbani?" Conjesta aliruka. "Mzee, hao ndio ambao wageni wanakuja kuwaona!"

"Mwalimu, mgeni haonyeshwi godoro lililochanika."

"Mficha uchi hazai, Mzee."

"Na anayetembea uchi anazaa nini?" Mzee Yoramu alimjibu kwa upole, na kikao kizima kikacheka. Upole wake ndio uliokuwa unamuudhi Conjesta. Mtu akikufokea unamfokea, lakini mtu anayekukatalia huku amekushika mkono na kukuulizia habari za nyumbani, utamfanya nini? Kesho yake trekta la Igola lilileta madawati. Lenard mwenyewe alikuwa amekaa juu yake, anacheka. "Uniazime na mimi, dada, wiki ijayo wanakuja kwangu," alisema. Conjesta alitaka kumrudisha na trekta lake. Hakumrudisha. Kijiji kizima kilikuwa kinapakua, na yeye ni mwanamke wa kuja.

Wageni wakafika. Kiongozi wao alikuwa Daktari Remmy. Si daktari wa sindano, ni yule wa kusoma sana, na kwa haki ya Mungu hakuwa mtu mbaya. Alisalimia "kamwene" kwa lafudhi ya mbali, watu wakafurahi mno. Aliingia madarasani, akapiga picha: watoto wawiliwawili kwenye dawati, sweta zimefuliwa, nywele zimenyolewa. Kisha akasimama mbele ya wazazi akasema kwa sauti ya kubembeleza kabisa: "Wazazi wangu, sikuja kukagua. Nataka ukweli, ili kila shule ipate kinachoitosha. Je, hiki mnachopata kinatosha?"

Conjesta alimtazama Mzee Yoramu. Mzee Yoramu akavua kofia, akainuka taratibu.

"Tunashukuru. Inatosha."

"Inatosha kabisa, Mzee? Usinionee haya."

"Inatosha, mwanangu. Tunashukuru sana."

Yuwi! Conjesta alihisi damu inampanda kichwani. Alisimama bila kupewa nafasi. "Daktari, samahani, sisi tuna ghala..."

"Ndiyo!" Mzee Yoramu alidakia huku akitabasamu. "Na ghala pia tunalo!"

Makofi. Daktari Remmy akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akamgeukia mwenzake: "Shule ina ghala la chakula. Vizuri sana." Conjesta akafungua mdomo tena. "Hapana, Daktari, si la chakula, naomba twende ukalione," lakini kwaya ilikuwa imeshapokea, ngoma imepigwa, vigelegele vimejaa uwanja, na sauti yake ikazama humo. Ufunguo wa ghala ulikuwa mfukoni mwa koti lisilokosa kifungo. Alimfuata Mzee Yoramu akamnong'oneza, "Nipe ufunguo." Mzee akamnong'oneza, "Mwalimu, chakula kinapoa."

Wakala. Na hapo ungewaona Wabena walivyo! Kuku, viazi, maharage, parachichi zimekatwa kama maua. Daktari Remmy alikula akamaliza, akasema: "Ahsanteni, imetosha." Mama mmoja akamwongezea viazi. Akala kwa heshima, akafunika sahani kwa kiganja: "Mama, kweli, imetosha." Mama akakiinua kile kiganja kwa adabu, akaweka paja la kuku. Watu wakacheka, na Daktari akacheka, akafungua mkanda tundu moja. Meza nzima ni Conjesta peke yake aliyekuwa hacheki. Alikuwa ameketi pembeni, anatazama kufuli la ghala kupitia dirishani. Jioni wageni waliondoka na gunia la viazi na mapipa mawili ya shukrani. Kesho yake watoto wa ghalani walirudi kwenye viroba vyao. Wiki iliyofuata, trekta la Igola lilichukua madawati yake, na machache ya Lihanzi juu yake.

Miezi ikapita. Ukuta wa nyuma wa boma ukaanguka kipande kwenye mvua za mwezi wa tatu, ukampiga mbuzi. Watu waliomboleza mbuzi. Conjesta alisimama pale na mwavuli, akasema, "Siku moja itakuwa mtoto."

Kisha akaitwa Makambako, kwenye mkutano wa walimu wakuu. Alipewa na heshima: azungumze kidogo namna shule yake inavyomudu. Inavyomudu nini? Hakuelewa mpaka alipoingia ukumbini. Nje upepo wa Makambako ulikuwa unakimbiza vumbi na mifuko njia panda, ndani Daktari Remmy alikuwa anaeleza, na ukutani, kubwa kama mlango wa kanisa, ilikuwa picha ya darasa la Lihanzi.

"Shule hii," Daktari Remmy alisema, "imetuonyesha kwamba kiwango cha sasa kinatosha. Wanafunzi wawili kwa dawati. Chakula kipo, ghala lipo. Wazazi wenyewe wamethibitisha, tena niliwauliza mara mbili. Kwa hiyo tumependekeza kiwango kibaki kama kilivyo, na wengine wajifunze kutoka Lihanzi."

Kutoka nyuma ya ukumbi ikasikika sauti ya Mwalimu Lenard, ile sauti yake ya kicheko. "Samahani, Daktari. Hayo madawati ni yangu."

Watu wakageuka kuitazama picha. Na kweli, ubavuni mwa kila dawati palikuwa na maandishi ya rangi nyeupe, makubwa, yanasomeka mpaka mlangoni: S/M IGOLA. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Walimu walipiga meza, wakafuta machozi, mmoja akapiga kelele kwamba hata ya kwake yalikuwa ya kanisa. Daktari Remmy alisimama na kijiti chake cha kuonyeshea, akitazama picha yake mwenyewe. "Lakini Igola pia tulifika," alisema polepole. "Wiki iliyofuata. Madawati yalitosha."

"Yalikuwa yamesharudi," Lenard alisema. "Na ya Lihanzi juu yake."

Kicheko kikazidi. Na hapo ndipo Conjesta alipopandwa na hasira zote za miaka yote, si kwa Daktari, kwa ukumbi mzima. Alikwenda mbele akachukua kipaza sauti.

"Mnacheka nini?" alisema. "Niambieni, mnacheka nini? Watoto wangu wanasomea kwenye ghala la mbolea, nasi tumeazimana madawati kama masufuria ya harusi, tukamdanganya mtu aliyetoka mbali kuja kutuuliza. Haitoshi! Nimesema. Haitoshi, haijawahi kutosha, na mimi nilikuwepo pale nikashindwa kufungua kufuli moja!"

Daktari Remmy alimwomba wazungumze pembeni. Alikuwa ameona aibu kweli, hata Conjesta alimwonea huruma. Lakini mapendekezo yalikuwa yameshapelekwa juu na kukubaliwa, alisema. Yangepitiwa upya baada ya miaka kadhaa. Angejaribu kuandika maelezo ya ziada.

"Baada ya miaka kadhaa," Conjesta alirudia. "Darasa la kwanza watakuwa wameshamaliza la saba."

Alirudi Lihanzi kesho yake na kwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Yoramu. Alimkuta nje, anaota jua, kofia magotini. Mzee alimkaribisha kiti, akamuulizia safari, baridi ya Makambako, afya za huko. Conjesta hakukaa.

"Wamepima, Mzee. Wamesema kinatosha. Hakuna kitakachoongezwa."

Mzee Yoramu alikunja uso. "Hawaongezi?"

"Waongeze kwa nini? Uliulizwa mara mbili, ukasema inatosha. Wamekusikia."

"Lakini, mwalimu," Mzee alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Conjesta amjue, upole ulimtoka usoni, akabaki mzee aliyechanganyikiwa. "Yule bwana alikula kwetu. Alisema imetosha, tukamwongeza. Akasema tena, tukamwongeza tena. Mtu mwenye malezi anaweza kusema haitoshi mbele ya anayempa? Unasema imetosha, na mwenye kupakua anajua mwenyewe. Mimi nilisema mara mbili." Aliinua vidole viwili. "Mara mbili, mwalimu! Nilikuwa nasubiri aongeze."

Conjesta alikuwa amekuja na maneno mengi. Njia nzima alikuwa anayapanga, na yalikuwa makali. Sasa alinyoosha mkono tu.

Mzee Yoramu akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa ufunguo wa ghala, akampa. Kutoka kule shuleni, kikohozi cha watoto kilikuwa kinasikika mpaka pale uani.

"Na mjukuu wangu yumo mle," alisema.