Wifi, Funguo na Mafuta ya Damu

Fundi makochi alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, na wifi yake alikuwa amekuja kumsaidia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ya tatu alijipa funguo.

Chanzo kilikuwa mume. Alimsindikiza mkewe kliniki, akamsikia daktari akisema mafuta kwenye damu yamepanda, mara simu ikaita, akatoka nje. Ya mbele hakuyasikia. Nusu hiyo ndiyo aliyompelekea dada yake.

"Nilijua tu," wifi akasema. "Mtu anakula kama anashindana."

Akafungia kabatini mayai, maziwa, karanga, hata matunda. Fundi akabaki na uji mweupe na wali mkavu. Alipoeleza kwamba daktari alisema ni hali ya kawaida, wifi alimkata kauli: "Daktari hakai hapa. Mimi ndiye ninayeona unavyofura."

"Mvumilie, ni dada yangu," mume alinong'ona, akitazama viatu vyake.

Fundi akameza mate na hasira pamoja. Ikafika siku, ameinamia fremu ya kochi, misumari midogo mdomoni, kizunguzungu kikamkalisha juu ya sponji. Akaenda kliniki peke yake, damu ikapimwa tena.

"Mafuta yako sina ugomvi nayo," mkunga alimwambia. "Kwa mjamzito hupanda, mwili unamwekea mtoto akiba. Ukishajifungua yatashuka taratibu. Ninacholalamikia ni zile kinga zinazotoka kwenye matunda na mboga, zinazozuia mafuta hayo yasiharibike mwilini. Zako ziko chini mno. Nani anakupikia?"

"Adui."

Mkunga alidhani ni utani.

Nyumbani alimkuta wifi jikoni. "Fungua kabati, wifi. Mkunga amesema nile matunda na mboga."

"Mkunga kakulisha maneno, sasa unataka na chakula? Sifungui. Mtoto akipata kasoro mtanilaumu mimi."

Fundi hakubishana. Alichukua bisibisi yake ya kazi, akafungua bawaba moja baada ya nyingine, akauegemeza mlango ukutani, akaketi kumenya chungwa. Wifi akabaki na funguo mkononi kama askari wa jela iliyobomoka.

Mume alipoingia, dada yake alimkabili. "Mdogo wangu, ama mimi ama huyu."

Mume akainamisha kichwa.

"Amenyamaza, wifi," fundi akasema. "Kwake yeye hilo ni jibu. Nikusaidie mizigo?"

Wifi aliibeba mwenyewe, akitukana hadi barabarani.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti kubwa. Wifi alikuja, akampakata, akampima kwa macho. "Angenenepa zaidi kama mngenisikiliza."

Fundi akamchukua mwanawe kutoka mikononi mwa wifi. "Umeshamwona," akasema, na hakumkaribisha kukaa.